Tuishushe Orodha ya Ukutani

Bwana Mhariri, naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu niseme neno juu ya karatasi iliyobandikwa ukutani katika chumba cha kompyuta. Wasomaji wengi wamekwisha iona. Juu yake imeandikwa "Nguvu za Mashine Zetu," na chini zimepangwa kompyuta zote za shule, toka ya kwanza hata ya mwisho, kila moja na namba yake. Mwenzetu aliyeipanga ni mtu wa bidii, wala sina ugomvi naye. Alizinakili namba hizo kutoka katika maandishi yanayopita kiooni wakati mashine inapowashwa, na hakukosea hata nukta moja. Hata hivyo maoni yangu ni kwamba orodha ile ishushwe, nami nitaeleza kwa nini.

Ingekuwa ni karatasi ya kupamba ukuta tu, nisingeshika kalamu. Lakini imekwisha anza kutawala. Kidato cha Nne wamepewa mashine za juu, kwa kuwa mtihani wao uko karibu; Kidato cha Kwanza wameachiwa za chini. Kompyuta nne ndogo aina ya Raspberry Pi, ambazo zote ziko mkiani mwa orodha, zimeondolewa mezani zikafungiwa kabatini. Na sasa yasemwa kuwa fedha iliyochangwa na wazazi itanunua mashine zilizokwisha tumika, na kwamba mnunuzi atakwenda dukani na kipimo hicho hicho mkononi. Wazazi wetu hawaokoti fedha njiani. Wako waliouza mahindi, na wako waliouza mbuzi. Si haki fedha yao ifuate namba ambayo haikuwekwa kupima kazi.

Tuitazame namba yenyewe. Yaitwa BogoMIPS, nayo huandikwa na kiini cha Linux, yaani ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo unaoendesha kompyuta zetu. Herufi MIPS ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya mamilioni ya amri kwa sekunde. Kipande cha mbele, bogo, kimekatwa katika neno la Kiingereza lenye maana ya kitu cha bandia. Basi jina zima maana yake ni MIPS za bandia. Aliyelitunga ni Linus Torvalds, Mfini aliyeanza kuandika Linux mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Namba hii ikaingia katika Linux mwaka 1993. Mwuza maziwa akiandika juu ya chupa kwamba yametiwa maji, mnunuzi atakayelalamika baadaye atamshtaki nani? Mwenye namba alituonya katika jina lake. Sisi ndio tuliosoma tarakimu tukaliruka jina.

Mtu ataniuliza, kama ni ya bandia, iliwekwa kwa nini? Iliwekwa kwa sababu njema. Ndani ya kompyuta mna vifaa visivyo na haraka. Kiini kikipeleka amri kwa kifaa cha namna hiyo, hupaswa kungoja kidogo, pengine sehemu chache tu za milioni za sekunde, kabla ya kupeleka amri ya pili. Njia ya zamani ya kungoja ilikuwa kuzunguka bure: prosesa hupewa hesabu fulani, huipunguza moja moja mpaka iishe, kisha huendelea na kazi. Lakini izunguke mara ngapi? Mashine yenye mwendo itamaliza upesi mno, na iliyo nzito itachelewa.

Chukua mfano wa mpishi asiye na saa, ambaye ataka chungu kikae motoni nusu dakika. Atahesabu kimoyomoyo. Lakini kila mtu ana mwendo wake wa kuhesabu. Basi mpishi mwenye busara kwanza huazima saa ya jirani, huhesabu mbele yake, na kuona kwamba nusu dakika yake ni hesabu arobaini, au sitini. Tangu hapo saa hana haja nayo. Sasa nauliza: ikiwa mpishi mmoja huhesabu hadi arobaini na mwingine hadi sitini, je, tumejua nani apika upesi zaidi? Hasha. Tumejua tu nani ana ulimi mwepesi wa kuhesabu.

Kiini cha Linux hufanya vivyo hivyo. Mashine ikiwashwa, hungoja pigo la saa ya ndani, ambalo katika Linux ya miaka ya kwanza lilikuja mara 100 kila sekunde, kisha huanza kuzunguka. Mizunguko ikiisha kabla ya pigo linalofuata, huiongeza maradufu, na tena maradufu, mpaka ipite pigo. Halafu hurekebisha kidogo kidogo mpaka ipate hesabu ya karibu. Kwa kuwa mzunguko wa asili ulikuwa na amri mbili, ya kupunguza na ya kurudi mwanzo, idadi ya mizunguko kwa sekunde huzidishwa kwa mbili na kugawanywa kwa milioni. Jawabu lake ndilo BogoMIPS. Kwa hiyo namba hii yatuambia mashine yaweza kufanya mangapi kwa sekunde wakati haifanyi kitu. Debe tupu haliachi kuvuma, nasi tumepanga madebe yetu kwa kufuata mvumo.

Nisisemwe kuwa nacheza na maneno, nitatoa hesabu. Prosesa ya 486 ya kampuni ya Intel ilihitaji mapigo manne ya saa yake kumaliza mzunguko mmoja ule mtupu. Pentium ya kwanza, iliyotoka mwaka 1993, ilihitaji mapigo matano. Basi 486 ya megahezi 100 ilionyesha karibu BogoMIPS 50, na Pentium ya megahezi 90 ilionyesha karibu 36. Lakini katika kazi za kweli Pentium ile iliiacha 486 nyuma, kwa sababu yaweza kufanya amri mbili kwa wakati mmoja na hukokotoa namba za desimali kwa wepesi zaidi. Kama shule ingechagua kwa orodha, ingechukua iliyo nzito na kuiacha iliyo nyepesi.

Mwaka 1997 Intel ilitoa Pentium MMX. Katika prosesa hiyo mafundi waliboresha namna ya kubashiri amri itakayofuata, na mzunguko mtupu ukawa wachukua pigo moja tu. Pentium ya kawaida ya megahezi 166 ilionyesha karibu 66. Pentium MMX ya megahezi 166 hizo hizo ikaonyesha karibu 332. Ni mara tano. Je, programu zilikwenda mara tano? La, ziliongezeka mwendo kwa sehemu ndogo tu. Na Pentium Pro ya megahezi 200, iliyotoka mwaka 1995 kwa ajili ya kazi nzito za maofisi, ilionyesha karibu 199, yaani chini ya MMX ya 166, ingawa katika Linux ndiyo iliyokuwa na nguvu zaidi.

Hayo ni ya zamani, na mtu aweza kusema mashine zetu si za miaka hiyo. Kweli, lakini kwa mashine za sasa jambo limezidi kuwa geni. Kompyuta zetu nyingi za Intel na AMD hazihesabu tena mizunguko hata kidogo. Yasome vizuri maandishi ya kuwasha: yasema yenyewe kwamba upimaji umerukwa, na kwamba namba imepatikana kwa mwendo wa saa. Kiini hutazama tu saa iliyomo ndani ya prosesa, na kuuzidisha mwendo wake kwa mbili. Prosesa yenye saa ya megahezi 2400 hupata 4800, na yenye megahezi 3200 hupata 6400. Hapo hapana mashindano yaliyofanyika, bali hesabu ya darasa la tatu. Tena katika prosesa za miaka hii saa hiyo huenda kwa mwendo ule ule hata prosesa inapojipunguza ili isipate joto, au inapojiongeza ili imalize kazi. Namba haijui kama mashine imelala au inakimbia.

Sasa twende kwenye zile ndogo zilizofungiwa kabatini. Raspberry Pi hazina prosesa ya Intel wala AMD, bali za ukoo uitwao ARM. Katika aina ya tatu, iliyotoka mwaka 2016, kiini hungoja kwa kutazama saa ya pembeni yenye mwendo wa megahezi 19.2. Mara mbili yake ni 38.4, na ndiyo namba iliyoandikwa ukutani kwetu: 38.40. Lakini prosesa yenyewe huenda kwa gigahezi 1.2, nazo ziko nne pamoja! Aina ya nne, ya mwaka 2019, ina saa ya pembeni ya megahezi 54, kwa hiyo huandika 108.00. Aina ya tano, iliyotoka mwaka 2023, ina nguvu kuliko ya nne zaidi ya mara mbili; nayo huandika 108.00 vile vile. Na ile ya kwanza kabisa ya mwaka 2012, yenye prosesa moja ya megahezi 700, iliandika karibu 697 katika Linux ya siku zile, kwa kuwa ilihesabu mizunguko kwa njia ya zamani. Kwa kipimo cha ukutani, babu amewashinda wajukuu wote. Mwenye akili na aamue kama huo ni ushindi.

Mtu mmoja katika Chama chetu cha Kompyuta alinijibu hivi: "Basi tuyaache hayo, lakini angalau mashine za Intel tuzipange kwa namba hiyo, maana ni mwendo wa saa, na mwendo wa saa ni kitu cha kweli." Ni hoja nzuri, wala sitaidharau. Mwendo wa saa ni kitu cha kweli, ila si mwendo wa kazi. Wakulima wawili wapige jembe mara thelathini kwa dakika. Mmoja achimba shubiri, mwingine anagusa udongo juu juu. Mapigo ni sawa, shamba si sawa.

Tunao mfano mkubwa katika historia. Mwezi Novemba 2000 Intel ilitoa Pentium 4 ya gigahezi 1.5, na watu wakaisifu kwa wingi wa megahezi. Lakini prosesa hiyo ilitengenezwa ili ipige hatua nyingi, kila hatua ikiwa fupi. Katika baadhi ya kazi Pentium III ya gigahezi 1 iliifikia, na hata kuipita. Wapinzani wao AMD waliona hasara ya kuhukumiwa kwa megahezi, basi Oktoba 2001 wakatoa Athlon XP na kuacha kuiita kwa mwendo wa saa. Iliyokuwa na gigahezi 1.33 waliipa jina la 1500+. Na mwaka 2004 Intel wenyewe walifuta mpango wa kutoa Pentium 4 ya gigahezi 4. Mbio za kuongeza mapigo zilikuwa zimegonga ukuta wa joto, na tangu hapo watengenezaji wakageukia kuweka prosesa mbili, nne na zaidi katika kipande kimoja.

Msomaji atauliza hayo yote yatuhusu nini. Yatuhusu sana. Mashine ya kwanza katika orodha yetu, ile iliyokabidhiwa Kidato cha Nne kwa heshima, ni Pentium 4 ya gigahezi 3.2, ya aina iliyotoka mwaka 2003. Namba yake ni karibu 6400. Chini yake imeandikwa mashine ya Core i5 ya gigahezi 2.4, ya aina iliyotoka mwaka 2010, kwa sababu namba yake ni 4800. Mtu yeyote aliyezitumia zote mbili ajua kuwa hazilingani, na kwamba aliyeonewa ni yule wa pili. Na aliye dukani akiwa na Pentium 4 zilizomshinda kuuza atafurahi kumwona mnunuzi wetu akija na kipimo cha namna hii. Hatakuwa amemdanganya. Atamwonyesha kioo tu, na kioo kitasema 6400.

Liko kosa jingine la kuangalia. Mwisho wa kuwasha, kiini hujumlisha namba za prosesa zote na kuandika jumla. Core i5 ile yaweza kuonyesha prosesa nne, na jumla ya 19200. Lakini ndani yake mna prosesa mbili tu, kila moja ikijifanya mbili ili isikae bure wakati wa kungoja. Ni kama watu wawili waliopewa majembe manne: pengine watafanya kazi zaidi kidogo, maana jembe moja likitengenezwa wanalo jingine, lakini hawakuwa watu wanne.

Tena namba hii haijui kitu juu ya sehemu nyingine za mashine. Haijui memori ni kiasi gani, wala kama diski ni ile ya zamani izungukayo au ya sasa isiyo na kitu kizungukacho. Na wengi wetu tunapolalamika kwamba mashine ni nzito, prosesa haina hatia. Ni memori iliyojaa, au diski inayotafuta. Mzunguko ule mtupu hauhitaji memori wala diski. Waweza kuzunguka vizuri kabisa katika mashine ambayo haiwezi kufungua insha yenye picha mbili.

Wenzangu wawili pamoja nami tulifanya jaribio Jumamosi moja kwa ruhusa ya mwalimu wetu. Tulichukua gazeti la muhula uliopita pamoja na picha zake zote, tukalifungua katika kila mashine na kuligeuza kuwa faili la kupigwa chapa, tukitazama saa ya mkono. Tuliifanya kazi ile ile mara tatu kwa kila mashine, tukachukua muda wa katikati. Core i5 ilimaliza zamani, na Pentium 4 ya kwanza ukutani bado ilikuwa inafungua picha. Kisha tuliomba Raspberry Pi ya aina ya nne itolewe kabatini. Hiyo nayo ilimaliza kabla ya Pentium 4. Basi mashine yenye 108 iliishinda yenye 6400 mbele ya macho ya watu watatu, na huku umeme inaotumia ni sehemu ndogo tu ya ule wa mwenzake. Shule inayolipa bili ya umeme kila mwezi yafaa ilipime hilo pia.

Sitaki nieleweke vibaya. Sisemi kwamba BogoMIPS ni uwongo, wala sisemi ifutwe. Ina kazi yake. Kwanza, kiini chenyewe chaihitaji hesabu ile ili kijue kungoja. Pili, ilimsaidia fundi wa zamani: 486 ya aina fulani ikionyesha namba iliyo chini sana kuliko dada zake wa aina ile ile, fundi alijua kwamba huenda memori ya haraka iliyo karibu na prosesa imezimwa, au mtu amebonyeza kitufe cha Turbo kilichokuwa mbele ya sanduku. Aliyelinganisha mashine na dada yake alipata faida. Aliyelinganisha za koo mbalimbali ndiye aliyepotea.

Na kufuta hakuleti elimu. Mwaka 2013 watunzaji wa Linux ya ARM waliiondoa namba hii katika faili linaloeleza habari za prosesa, kwa kuwa waliona imepoteza maana na yawasumbua watu. Kukatokea programu zilizokuwa zikiisoma, nazo zikavunjika. Mwezi Januari 2015 ikarudishwa. Naona kisa hicho kina funzo kwetu sisi wanafunzi. Namba isiyofaa haitoki duniani kwa kuchukiwa. Itaendelea kupita kiooni kila asubuhi tukiwasha mashine. Kilicho katika uwezo wetu ni kujifunza kuisoma.

Wala si BogoMIPS peke yake. Hata MIPS bila bogo ilikuwa na hitilafu yake. Kompyuta ya VAX-11/780 ya kampuni ya Digital, iliyotoka mwaka 1977, ilifanywa kuwa kipimo, ikaitwa mashine ya MIPS moja, na nyingine zikalinganishwa nayo. Baadaye ilipochunguzwa kwa makini ikaonekana hufanya karibu nusu milioni ya amri kwa sekunde. Pishi yenyewe ilikuwa pungufu, na soko zima lilipimia nayo.

Sasa nasema yale ninayoyataka, kwa heshima mbele ya walimu na viongozi wa Chama.

Kwanza, karatasi ile ishushwe, na mahali pake ibandikwe nyingine yenye safu za kuonyesha aina ya prosesa na mwaka wake, prosesa za kweli ni ngapi, memori kiasi gani, diski ya namna gani, na mashine ilichukua muda gani kumaliza kazi zetu wenyewe. Kazi hizo ziwe chache na zijulikane: kufungua gazeti la shule, kukokotoa jedwali la matokeo ya michezo, na kuendesha programu moja iliyoandikwa na wanafunzi. Zifanywe mara tatu, programu nyingine zikiwa zimefungwa, na faili liwe lile lile.

Pili, Raspberry Pi zitoke kabatini zirudi mezani. Kidato cha Kwanza wanaojifunza kuandika programu hawahitaji zaidi ya hizo, nazo zikiwa kabatini hazimfundishi mtu. Na Kidato cha Nne wapewe mashine zitakazoshinda jaribio, si zile zenye tarakimu ndefu.

Tatu, kabla ya senti moja ya wazazi kutoka, mnunuzi aende na wanafunzi wawili na faili la kujaribia katika kijiti cha memori. Mashine iwashwe pale pale dukani, kazi ifanyike, saa itazamwe. Mwenye duka akikataa jaribio, tumekwisha pata jibu.

Nimesikia ikisemwa kwamba haya ni mambo ya mafundi, na mwanafunzi hapaswi kuyaingilia. Siafiki. Katika maisha yetu tutaonyeshwa namba nyingi, nyingine na wauzaji, nyingine na mashine, nyingine na watu wenye nia njema kama mwenzetu aliyeipanga orodha. Maswali ya kuuliza ni matatu, na mtoto wa Kidato cha Kwanza ayaweza: Namba hii ni ya kitu gani? Ilipimwaje? Iliwekwa kwa kazi ipi? Orodha ya ukutani haijibu hata moja. Jaribio la Jumamosi lilijibu yote matatu, na kifaa chake kilikuwa saa ya mkono.

Nangoja kusikia maoni ya wenzangu katika toleo lijalo, hasa wale wasiokubaliana nami. Ila nawaomba waje na saa.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tano,
Chama cha Kompyuta